Meli Moja, Majibu Matatu: Fiqhi ya Bima ya Safari



Ndugu zangu wasomaji, baada ya kumshukuru Allah (S.W.T) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W), katika toleo hili nataka tujifunze suala ambalo mimi mwenyewe nililijibu kabla ya kulisoma. Nalileta hapa kwa sababu naamini wengi wetu tunaosoma masomo ya dini tumewahi kufanya hivyo nyumbani, pale wazazi wanapotuona tumeshakuwa masheikh kumbe bado tuko mwaka wa pili.

Muhula uliopita shangazi yangu anayeishi Muscat alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka, na nia yake ni kumchukua mama yangu, ambaye ni wifi yake, wapande pamoja meli ya matembezi katika Ghuba wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka. Safari ni usiku saba: kuanzia Dubai, kupitia Abu Dhabi na Doha, kisha kurudi Dubai. Mama anaishi Buyenzi, Bujumbura, na maji makubwa anayoyajua ni ya Ziwa Tanganyika. Mimi niende nao niwe mahram wa mama. Tikiti za meli analipa shangazi.

Alipofika ukurasa wa mwisho wa fomu, kabla ya kulipa, akakuta kisanduku kidogo: bima ya safari, dola 60 kwa kila abiria, ndiyo au hapana. Akaniuliza, "Baba, wewe ndiye unayesoma dini. Niweke alama au niache?"

Nilimjibu kwa chini ya dakika moja. "Acha, Shangazi. Bima ni haramu. Tumtegemee Allah." Kisha nikaenda zangu kula.

Siku chache baadaye nilimsimulia mwalimu wetu wa fiqhi ya miamala, nikitarajia kusifiwa. Akaniuliza maswali matatu. Mama ana maradhi yoyote? Nikasema ndiyo, kisukari na shinikizo la damu. Hati ya hiyo bima umeisoma? Nikasema hapana. Umetafuta kama kuna takaful? Nikasema hapana. Akanikumbusha kanuni tuliyosoma katika usul: huwezi kulihukumu jambo kabla ya kulijua lilivyo. Akaongeza, "Umetoa hukumu juu ya karatasi usiyoiona, na ukiwa umekosea, atakayelipa ni mama yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha maktaba. Nilichokipata nimekigawa katika sehemu zifuatazo.

1. Kwanza tujue kinachouzwa

Bima ya safari ya meli si kitu kimoja. Ni kapu lenye vitu vingi, na kila kimoja kina uzito wake.

Kuna fidia ya kuahirisha au kuvunja safari. Makampuni ya meli huwa na ngazi za makato: ukijiondoa miezi kadhaa kabla, unapoteza malipo ya awali tu, kadiri siku zinavyokaribia makato yanapanda, na ukijiondoa katika siku za mwisho unaweza kupoteza nauli yote. Bima hurudisha fedha hiyo ikiwa sababu yako imo katika orodha yao, kama vile ugonjwa au kufiwa. Kubadili mawazo tu hakumo.

Kuna matibabu. Meli kubwa huwa na zahanati yake, daktari na wauguzi, lakini huduma hiyo haiko ndani ya nauli. Abiria anaandikiwa gharama kwenye hesabu ya chumba chake na kulipa kabla ya kushuka. Kadi ya matibabu ya nyumbani kwetu haina kazi huko.

Kuna kuhamishwa kwa dharura. Mgonjwa aliyezidiwa huteremshwa bandari inayofuata, au akachukuliwa kwa helikopta, kisha hospitali ya nchi ya kigeni, kisha kurudishwa kwao. Hapa ndipo bili inapoweza kufika maelfu mengi ya dola. Ikiwa mauti yamemkuta huko, kuna pia gharama ya kusafirisha maiti, ingawa sisi Waislamu tunapendelea kuzika haraka mahali mtu alipofia.

Halafu kuna vidogo vidogo: mizigo iliyopotea, ndege iliyochelewa ukaikosa meli, na kadhalika.

Sasa tazameni jambo lililonishtua. Nilipomwomba shangazi anitumie ile hati, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa, nikakuta kifungu kinachosema kwamba maradhi ambayo abiria alikuwa nayo kabla ya kununua bima hayahusiki. Maana yake ni kwamba kisukari na shinikizo la damu la mama vimetolewa nje. Kama ningemwambia shangazi "weka alama", angelipa dola 60 kwa ajili ya mama na mama angekuwa hana kinga dhidi ya maradhi yale hasa tunayoyaogopa. Basi "hapana" yangu ilikuwa ya kijinga, na "ndiyo" nayo ingekuwa ya kijinga. Mtu asiyesoma hati hana jibu sahihi la kutoa.

Jambo jingine: kuna mikataba ya bima ya kawaida ya safari ambayo haiihusishi safari ya meli mpaka uombe kifungu chake na kulipia zaidi. Na ajali ya meli yenyewe ni mlango mwingine kabisa. Mkataba wa Athens wa 1974, pamoja na itifaki yake ya 2002, unamwekea mwenye meli wajibu kwa abiria wanaoumia au kufa katika ajali ya chombo chake, kwa nchi zilizouridhia. Lakini mama akipandwa na sukari akiwa chumbani, mwenye meli hadaiwi kitu.

Wala tusidhani bima inafunika kila msiba. Mwezi wa Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu wapatao 3,700, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa korona. Katika janga lile wasafiri wengi waligundua kwamba mikataba yao ya bima ilikuwa imeyatoa nje maradhi ya mlipuko.

2. Swali hili lilizaliwa bandarini

Huenda msomaji akadhani hili ni suala jipya la matajiri wa leo. Ukweli ni kwamba mmoja wa wanazuoni wa mwanzo kabisa kuizungumzia bima kwa urefu katika vitabu vya fiqhi aliizungumzia kwa sababu ya meli. Naye ni Ibn Abidin wa Damascus, faqihi wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1836, katika kitabu chake Radd al-Muhtar.

Katika zama zake wafanyabiashara wa Sham walikodi meli za Wazungu, wakalipa nauli, na juu ya nauli wakamlipa mtu wa nchi ya Ulaya kiasi maalumu. Mtu huyo, kupitia wakala wake aliyeko bandarini, aliahidi kuwalipa mali yao ikiungua, ikizama au ikiporwa. Malipo hayo waliyaita sukara. Ibn Abidin akasema kwamba si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo, kwa kuwa yule mdhamini amejifunga na jambo ambalo sharia haimfungi nalo: si yeye aliyeiharibu mali, wala hakukabidhiwa kuilinda. Hata hivyo hakuyafunga masuala yote kwa neno moja. Alitofautisha mkataba uliofanyika katika nchi za Kiislamu na uliofanyika nje yake, na akaeleza hukumu ya kila hali.

Mimi nilisoma kurasa zile nikaona haya. Alikuwa akieleza nani analipa, anamlipa nani, wakala yuko wapi, na hasara gani inafidiwa. Baada ya kuijua sura ya jambo ndipo akahukumu. Mimi nilihukumu nikiwa na sahani mkononi.

3. Kwa nini wengi wamekataza

Wanazuoni wengi wa zama zetu wamekataza bima ya kibiashara, ile ambayo kampuni inauza kinga kwa ada na faida ni ya wenye hisa. Hoja zao kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni gharar, yaani utata na kutojulikana kwa kile kinachouzwa. Imepokewa katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra, kwamba Mtume (S.A.W) alikataza mauziano yenye gharar. Mnunuzi wa bima analipa dola 60 leo bila kujua kama atapata kitu au hatapata, na akipata ni kiasi gani. Ya pili ni kufanana na maysir, kamari, iliyokatazwa katika Suratul Maida aya ya 90, kwa kuwa upande mmoja unapata kwa hasara ya mwingine kutegemea tukio. Ya tatu ni riba, kwa kubadilishana fedha kidogo kwa fedha nyingi za baadaye, na kwa kuwa makampuni mengi huweka fedha za wateja katika vitega uchumi vya riba.

Baraza la Fiqhi la Rabita, Makkah, lilikataza mwaka 1978. Mwezi wa Desemba 1985, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikutana Jeddah na kutoa uamuzi kwamba mkataba wa bima ya kibiashara yenye ada maalumu una gharar kubwa inayouharibu, hivyo ni haramu. Wakaelekeza watu kwenye bima ya kushirikiana iliyojengwa juu ya tabarru', yaani kujitolea.

Lakini tusifiche kwamba ilikuwepo sauti nyingine. Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria aliitetea bima katika kongamano la fiqhi lililofanyika Damascus mwaka 1961, ambako Sheikh Muhammad Abu Zahra wa Misri alimpinga, na katika kikao cha Makkah al-Zarqa aliandika kutokubaliana kwake na wenzake. Kwake yeye, anachonunua mtu ni utulivu wa moyo, kama anavyomwajiri mlinzi wa usiku: mlinzi analipwa hata mwizi asipokuja. Rai yake haikushinda, na mimi si wa kupima kati ya milima hiyo. Nimeitaja ili tujue kwamba mwenye kuifuata hajaitoa mfukoni mwake, na tusimkimbilie kwa maneno makali.

Kuna pia milango miwili ambayo hata waliokataza wameiacha wazi.

Mlango wa kwanza ni sheria ya nchi. Ukiomba viza ya Schengen kwenda kusoma au kutembea Ulaya, ni lazima uonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, imewalazimisha wageni kutoka nje kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44. Viwango hivi hubadilika, hivyo anayekwenda aulize kabla ya kuondoka. Katika hali kama hizo, wanazuoni wengi husema dhambi haimpati aliyelazimishwa.

Mlango wa pili ni haja. Imamu an-Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi'i, anaeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba gharar husamehewa pale haja inapoilazimu na kuiepuka kukaleta mashaka, au pale ilipo ndogo. Na miongoni mwa mifano yake ni kununua nyumba bila kuuona msingi wake. Wanazuoni wa kanuni nao wanasema haja inaweza kushika nafasi ya dharura. Baraza la Fatwa la Ulaya limeutumia mlango huu kwa Waislamu wanaoishi mahali ambapo bima ya Kiislamu haipatikani na haja yao ni ya kweli.

Haja, lakini, ina mipaka. Inapimwa kwa kiasi chake. Aliyeruhusiwa kula kwa njaa haruhusiwi kujaza mfuko.

4. Takaful tunaijua, ila hatukuiita jina hilo

Takaful ni bima ya kushirikiana. Wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana. Aliyefikwa analipwa kutoka humo. Kampuni inasimamia kwa ujira au kwa mgawo wa faida. Fedha haiwekwi kwenye riba wala pombe. Na ziada ikibaki ni ya wanachama. Gharar ipo bado, kwa kuwa hakuna ajuaye nani atafikwa, lakini ipo ndani ya kujitolea wala si ndani ya biashara. Al-Qarafi, faqihi wa Kimaliki aliyefariki mwaka 1285, ameieleza tofauti hii katika kitabu chake al-Furuq: utata katika mauziano unamdhulumu mtu mali yake, lakini aliyepewa zawadi isiyojulikana hajapoteza kitu.

Asiyeelewa amtazame mama yake. Akina mama wa mtaani kwetu Buyenzi wana kikundi cha msiba. Kila mwezi wanatoa kidogo. Akifiwa mmoja, sanda, chakula na turubai vinatoka kwenye kikundi. Aliyechanga miaka kumi bila kufiwa hasemi ameibiwa. Anasema alhamdulillahi. Ndivyo walivyokuwa Ash'ariyyun, watu wa kabila la Abu Musa (R.A): chakula kilipowapungukia walikusanya kila walicho nacho kwenye nguo moja wakagawana sawa, na Mtume (S.A.W) akawasifu kwamba wao wanatokana naye na yeye anatokana nao. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kampuni ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Sudan mwaka 1979. Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984, na Oman mwaka 2016. Kwa jirani zetu Kenya kampuni ya takaful ipo tangu 2011. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo hana ruhusa ya kusema "hakuna njia nyingine" kabla hajauliza.

5. Na tawakkul je?

Neno langu la kwanza kwa shangazi lilikuwa "tumtegemee Allah". Si neno baya, ila nililiweka mahali pa uvivu wangu. Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Allah, akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Katika Surat Yusuf aya ya 67, Nabii Ya'qub (A.S) anawaambia wanawe waingie mjini kwa milango mbalimbali, na papo hapo anakiri kwamba hawezi kuwakinga na chochote atakacho Allah, na kwamba kwake Yeye ametegemea. Sababu na tawakkul zimekaa katika aya moja.

Lakini pia upande wa pili: kufunga ngamia kunahitaji kamba halali. Aya hizi zinatufundisha kuchukua sababu. Hazisemi kila sababu inayouzwa sokoni inafaa. Anayezitumia kuhalalisha kila bima, na anayesema "tawakkul" kukataa kila tahadhari, wote wawili wamechukua nusu ya somo.

6. Tulivyoamua

Nilirudi kwa shangazi nikamwomba msamaha na kumweleza kwamba jibu langu la kwanza alifute. Kisha tukapiga simu ya pamoja, yeye Muscat, mama Bujumbura, mimi hosteli. Mama alisikiliza mabishano yetu yote kimya. Mwisho akasema, "Mwanangu, mimi kufa baharini siogopi, popote ni ardhi ya Mungu. Naogopa kukuachieni deni."

Tukanyamaza. Nilikuwa nimesoma hadithi kwamba Mtume (S.A.W), alipoletewa jeneza, alikuwa akiuliza kama marehemu ana deni, na kwamba kuna maiti aliyekataa kumswalia mpaka Abu Qatada (R.A) alipolichukua deni lake. Nilizisoma kwa ajili ya mtihani. Siku ile nilizielewa. Hospitali ya ugenini kwa wiki moja ingeila nyumba yetu, na baba hayupo tena wa kuibeba.

Mwalimu alitusaidia kupanga, na matokeo yake yalinishangaza: meli ni moja, lakini majibu yakawa matatu.

*Shangazi.* Yeye ni mkazi wa Oman, na takaful ya safari ipo huko. Aliuliza kama inahusisha meli ya matembezi, akaambiwa ndiyo kwa kuongeza kidogo. Akachukua takaful. Kwake bima ya kibiashara haina udhuru, kwa kuwa halali iko mlangoni.

*Mama.* Kampuni ile ya takaful haikuweza kumchukua kwa kuwa si mkazi wa Oman. Tulitafuta takaful ya safari Bujumbura na hapa Uganda kwa wiki tatu, hatukuipata ya kumfaa. Mama ana maradhi, ana umri, na familia haina uwezo wa kubeba bili. Mwalimu akasema hii ni haja ya kweli, ipimwe kwa kiasi chake: achukue bima ya matibabu na kuhamishwa kwa dharura tu, na aache ile ya kuvunja safari, mizigo na mengineyo. Tukapata kampuni inayokubali maradhi ya zamani kwa ada ya juu zaidi, baada ya fomu ya daktari. Hapo wakala alitushawishi tusiandike kisukari ili ada ishuke. Mama alikataa yeye mwenyewe. Licha ya kuwa uongo ni uongo, aliyeficha maradhi anaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya shida.

*Mimi.* Nina miaka ishirini na mbili, nina afya, alhamdulillahi, na hakuna sheria iliyonilazimisha katika safari hii. Haja sina. Nitatunza akiba kidogo, nimtegemee Allah. Neno lile lile nililolisema vibaya juu ya mama, juu yangu limekaa mahali pake.

Kuhusu fedha ya tikiti kama safari itavunjika, shangazi aliuliza kampuni ya meli, akapata nauli inayoruhusu kubadili tarehe hadi wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Ni ghali kidogo, lakini ni mauziano ya wazi. Baada ya tarehe hiyo, akasema, hasara ataibeba kama sadaka.

Najua watakuwepo walimu watakaosema kwa mama pia tungeacha, aghairi safari, kwa kuwa matembezi si wajibu. Hoja hiyo ina nguvu, na tuliijadili. Kilichotupa uzito ni kwamba kumfurahisha mama na kuunga udugu kati yake na wifi yake baada ya miaka kumi na mmoja si upuuzi. Anayeona vinginevyo tunamheshimu.

7. Maswali ya kujiuliza kabla ya kuweka alama

Kwa ndugu yeyote anayetarajia safari ya meli, ya ndege au ya masomo, nimeyakusanya hivi:

1. Je, sheria au viza imenilazimisha? Kama ndiyo, nichukue kiwango cha chini kinachotakiwa.
2. Je, takaful ipo mahali nilipo au ninapokwenda? Nimeuliza kweli, au nimedhani tu?
3. Je, nina haja ya kweli: maradhi, umri, watu watakaobaki na deni langu? Au nina hofu tu iliyotiwa na muuzaji?
4. Je, nimeisoma hati: maradhi ya zamani, safari ya meli, kuhamishwa kwa dharura, kiasi nitakachojilipia mwenyewe kabla wao hawajalipa?
5. Je, nimesema ukweli katika fomu?
6. Je, nimechukua sababu za bure? Dawa za kutosha safari nzima na ziada, ziwe kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku, barua ya daktari, madeni yameandikwa, wasia umeandikwa, na dua ya safari imehifadhiwa.

Katika Suratul Kahf aya ya 79 tunasoma habari ya masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na chombo chao kikatobolewa ili kinusurike na mfalme aliyekuwa akipora kila chombo. Wenye chombo waliliona tundu tu. Mengi ya safari zetu ni hivyo, tunaliona tundu na hatumwoni mfalme. Basi tuchukue sababu kwa elimu, na yaliyojificha tumwachie Mwenye kuyajua.

Kwa halaqa ya wiki hii nawaachia jambo moja la kujadili: chuo chetu kina mamia ya wanafunzi Waislamu wanaosafiri kila mwisho wa muhula kwenda Bujumbura, Goma, Kigali na Mombasa. Akina mama wa Buyenzi wameweza kuwa na mfuko wa msiba kwa daftari moja na kalamu. Sisi wa chuo kikuu tunashindwa nini kuwa na mfuko wa msafiri aliyepatwa na dharura njiani?

Wallahu a'lam. Allah atuongoze katika yale tuyasemayo kabla hayajatoka midomoni, awahifadhi wazazi wetu nchi kavu na baharini, na awarudishe salama kila walio safarini. Amin.

Wabillahi tawfiq.